Mizani, Cherehani na Daftari la Deni

Mwishoni mwa Machi 2020, wanawake wauza vyakula katika masoko ya Kampala waliambiwa wachague moja: wauze na walale sokoni, au waende nyumbani wasirudi. Rais Yoweri Museveni alikuwa amesimamisha usafiri wa umma na kufunga biashara zisizo za chakula. Sasa hakutaka wauzaji wapande na kushuka kila siku kati ya soko na mitaa wanakoishi, wasije wakabeba virusi kwenda na kurudi. Wengi walichagua kulala. Katika soko la Nakasero na masoko mengine ya jiji walitandika mikeka na magunia kando ya meza zao, wakatundika vyandarua penye mafungu ya ndizi na mihogo, wakalala hivyo usiku baada ya usiku, watoto wakiwa wamebaki na bibi zao au majirani. Alfajiri waliamka, wakanawa, wakapanga nyanya.

Jiji lenye watu zaidi ya milioni moja lilikula kwa sababu wanawake hao hawakurudi nyumbani. Amri iliyowalaza sokoni ilimwona mchuuzi kuwa njia ya ugonjwa, na papo hapo ikakiri kwamba bila yeye watu watakufa njaa. Macho hayo mawili hayakufumbuliwa mwaka 2020. Yamemtazama mfanyabiashara mdogo wa Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka 150, na kwa muda mrefu wa miaka hiyo, jicho lililomwona kuwa hatari ndilo lililoandika sheria. Kuna msemo uliovuma sana wakati wa korona, kwamba biashara ndogo "ziligeuka" ili kuisaidia jamii. Mimi naona hazikuwa na haja kubwa ya kugeuka. Kupima kidogo kwa mwenye kidogo, kumkopesha anayejulikana, kukaa hatua chache kutoka mlangoni kwa mteja: hizo ndizo kazi zao za kila siku, na ndizo zinazotakiwa watu wanapofungiwa.

Kipindupindu kilipoingia Unguja mwishoni mwa 1869, daktari James Christie, aliyekuwa akitibu wagonjwa mjini humo, alifanya jambo ambalo wachache walikuwa wamelifanya. Aliwauliza wafanyabiashara. Aliwahoji watu wa misafara waliotoka bara, akalinganisha maneno yao, akaufuata ugonjwa nyuma hatua kwa hatua: kutoka Unguja hadi Pangani, kutoka Pangani hadi nchi ya Wamasai na kuendelea mbele yake. Kitabu chake kuhusu kipindupindu cha Afrika Mashariki kilitoka mwaka 1876. Ukikisoma unaona ramani mbili zikilaliana: njia ya pembe, nguo na shanga, na njia ya kifo. Jahazi lililobeba nafaka lilibeba pia kipindupindu. Baada ya maafa hayo Sultani Barghash alileta mjini maji ya chemchemi kwa mfereji, kazi ambayo mimi naiweka juu kuliko majumba yake yote. Meli zenye wagonjwa nazo zilipata mahali pa kungojea. Majengo ya kisiwa cha Changuu, yaliyojengwa mwaka 1893 kuwa gereza, yakatumika kuwa karantini.

Lakini fundisho ambalo watawala walilichukua katika miongo iliyofuata lilikuwa tofauti na la Christie. Yeye aliuliza ugonjwa unapita wapi. Wao waliuliza nani wa kulaumiwa.

Nairobi ilikuwa na umri wa miaka mitatu tu, mji wa mahema na mabati uliozaliwa na reli, tauni ilipozuka mwaka 1902. Moto ndio ulioamriwa kuwa dawa. Bazaa ya Wahindi, pale palipokuwa na maduka ya nafaka, nguo na vyombo, iliteketezwa. Ni kweli panya hupenda ghala la nafaka, na ni kweli vibanda vile vilibanana. Lakini mji haukuwa na mifereji ya maji machafu, na mwenye duka hakuwa ndiye aliyeupanga. Tauni ilirudi mara kadhaa baada ya hapo. Mwaka 1913 na 1914, Profesa W. J. Simpson alitumwa kutoka Uingereza kukagua afya ya miji ya Kenya, Uganda na Zanzibar, na ripoti yake ikapendekeza makazi na maeneo ya biashara yatengwe kwa rangi za watu. Tangu hapo neno "usafi" likawa na meno. Ndani ya neno hilo hilo ambalo mama hulitumia kumfundisha mwanawe kunawa, ofisa wa mji aliweza kuingiza rungu la kumfukuza mchuuzi wa maembe.

Kisha ikaja homa ya 1918. Ilifika Mombasa kwa meli, ikapanda reli, ikawakuta watu ambao vita vya Wajerumani na Waingereza vilikuwa vimekwisha kuwavunja mgongo: wapagazi wanarudi kutoka Jeshi la Wabebaji wakiwa mifupa mitupu, ghala zimechukuliwa na majeshi, mashamba hayakulimwa. Ugogo ilikuwa tayari ndani ya njaa iliyoitwa Mtunya, iliyoanza 1917 na kuendelea hadi 1920. Mtu aliyepona homa aliamka akakuta hana cha kula.

Nyakati kama hizo ndipo duka linapoonekana lilivyo. Neno lenyewe lilikuja na upepo wa bahari, likakaa Kiswahilini kana kwamba lilizaliwa hapa. Allidina Visram alifika Bagamoyo mwaka 1863 akiwa kijana mdogo, na alipofariki mwaka 1916 alikuwa ameacha matawi kutoka pwani hadi Uganda na kuingia Kongo. Nyuma ya tajiri huyo walikuwapo mamia ya wenye maduka wasio na jina kubwa, Wahindi, Waarabu, Waswahili, na baadaye Waafrika wa kila kabila, kila mmoja na mizani yake, kibaba chake na daftari lake. Sitawafanya malaika. Walikuwapo waliochezea mizani, na walikuwapo waliomfunga mkulima kwa deni hadi mavuno yake yakawa yao kabla hayajavunwa. Wazee wetu waliyasema hayo wakiwa na haki ya kuyasema.

Hata hivyo kibaba ni chombo cha kuheshimiwa. Vibaba vinne ni pishi moja, na mwenye nguvu hununua kwa pishi au kwa gunia. Kibaba ni cha mtu wa leo, aliyepata vijisenti asubuhi na anayetaka moto jikoni jioni. Mwenye duka anayekubali kuchota kibaba, au nusu yake, anabeba kazi ambayo tajiri wa ghala haitaki: kukata gunia vipande vidogo hadi kipande kimoja kitoshe mfukoni mwa maskini. Kenya ya leo inaita biashara hiyo "kadogo", na mafuta, unga na sukari "ya kupima" ndiyo yanayolisha mitaa ya Mathare na Kibera.

Na daftari? Katika miaka ya 1920 na 1930 Tanganyika ilikuwa na sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji. Mfanyabiashara asiyekuwa mwenyeji aliyemkopesha Mwafrika bila kibali hakuweza kumdai mahakamani. Serikali ilisema inamlinda Mwafrika, na kwa kiasi ilimlinda, lakini ilimfungia pia mlango wa mtaji. Watu waliendelea kukopeshana. Jina liliandikwa, mstari ukapigwa, na dhamana pekee ilikuwa kwamba wote wawili watakutana tena kesho njiani. Kwa hiyo mkopo wa duka ulikomaa nje ya sheria, ukishikiliwa na aibu, ujirani na kumbukumbu. Benki haikuwahi kuuelewa. Ugonjwa ulipokuja miaka mia baadaye na kukata kipato cha watu ndani ya wiki moja, ni mkopo huo usio na karatasi ya wakili uliofika kwanza.

Kabla ya hapo lakini ulipita UKIMWI, na siwezi kuuruka. Wagonjwa wa kwanza Uganda walionekana mwaka 1982 Kasensero, kijiji cha wavuvi wilayani Rakai. Wa kwanza Tanzania walitambuliwa mwaka 1983 katika Hospitali ya Ndolage, Kagera. Watu wa mpakani waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikiuzwa kwa magendo siku zile. Angalia jina hilo lilivyobeba hukumu: ugonjwa uliitwa kwa bidhaa ya mchuuzi. Mfanyabiashara wa mpakani, dereva wa lori na mwanamke wa hoteli ya kando ya barabara ndio waliooneshwa kidole.

Ni mikononi mwa wafanyabiashara wadogo kama hao mambo mengi yalipobadilika. Mafundi seremala waliojifunza kutengeneza vitanda walijikuta wakitengeneza majeneza kutwa, na kijana aliyekuwa na biashara nzuri ya makabati akazeeka kabla ya wakati wake kwa kupima urefu wa rafiki zake. Vinyozi walibadilika bila kungoja warsha. Wembe uliopita kichwa hadi kichwa ukaachwa, mteja akaja na wake au akafunguliwa mpya mbele ya macho yake, na zilipoenea mashine za umeme, pamba yenye spiriti ikawa sehemu ya kunyoa kama kioo na taulo. Kioski kilichouza sigara moja moja na viberiti kikauza pia kondomu, na mwenye kioski akajifunza kumpa kijana bila kumtazama usoni, asije akaona haya na kuondoka. Huo ni ujuzi wa afya ya jamii, ingawa hakuna chuo kilichompa cheti.

Kipindupindu chenyewe hakijatuacha. Agosti 2015 kilizuka Dar es Salaam, kikaenea mikoani, na kufikia mwaka uliofuata Tanzania ilikuwa imehesabu wagonjwa zaidi ya 20,000. Jibu la kwanza mjini lilikuwa lile la zamani: mama lishe na wauza matunda ya kukata wakapigwa marufuku. Hatari ilikuwapo, sibishi, chakula kilichopoa na maji ya kisima vinaua. Lakini mbeba mizigo wa Kariakoo anayekula sahani moja kwa siku, wali na maharage ya mama lishe, hakuandikiwa mahali pengine pa kula. Moto wa mkaa chini ya sufuria ni adui wa kimelea, na mama lishe akipewa maji safi na dawa ya klorini huwa mlinzi. Aliyemfukuza alimwondoa mtu aliyekuwa akiongea na wateja mia kila siku.

Kongo ilielekea kulielewa hilo kwa machungu. Mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kutangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Katika nchi ile ya vita, ambako watu walikuwa na sababu nyingi za kutowaamini wageni wenye magari meupe, ndoo yenye koki na maji ya klorini iliyowekwa mlangoni mwa duka la jirani ilisikilizwa kuliko kipaza sauti. Mtu wa Goma, mji wa Kivu Kaskazini, alinawa kabla ya kununua sabuni. Korona ilipofika, mkono wa Goma ulikuwa umezoea.

Mikono ya kwetu wengine ilibidi ijifunze upesi. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 13 Machi 2020, Tanzania tarehe 16 huko Arusha. Ndani ya wiki chache Kiswahili kilikuwa kimepata maneno mapya na kimefufua ya zamani. UVIKO-19 liliundwa. Vitakasa mikono vilipata jina. Na kwa kile kitambaa cha kufunika pua na mdomo, watu walirudia barakoa, kifuniko cha uso kilichovaliwa tangu zamani na wanawake wa Omani na wa pwani yetu. Nalipenda sana tukio hilo la lugha. Neno lililokuwa sandukuni na nguo za bibi lilitolewa, likakung'utwa, likavikwa taifa zima.

Aliyeishona barakoa hiyo ni fundi cherehani wa barazani. Kenya ilipolazimisha watu kuivaa mwezi Aprili, barakoa za hospitali zilikuwa adimu na ghali. Kiwanda cha nguo cha kaunti ya Kitui kiliacha sare za shule kikashona barakoa takriban 30,000 kwa siku, na kilisifiwa kwa haki. Lakini hesabu ya mafundi wa vibarazani haikuandikwa popote, na wao ndio waliovisha mitaa. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo hapakuwa na sare. Harusi ziliahirishwa, kwa hiyo hapakuwa na magauni. Fundi alitazama mabaki ya vitenge chini ya meza, vile vipande ambavyo siku zote huvitupa au humpa mtoto achezee, akakata, akatia tabaka mbili, akafunga mpira wa sketi. Mpira ulipokwisha madukani alikata kamba za kitambaa. Kila kipimo cha uso alikijaribishia usoni mwake au mwa mwanawe. Baadhi walishona na kugawa bure kwa wazee wa mtaa kabla ya kuuza hata moja.

Mafundi wa chuma walifanya yao. Vijijini kwetu kibuyu chirizi kilikuwa kikijulikana: kidumu kidogo kimening'inizwa, kamba imeshuka hadi kwenye kijiti, unakanyaga, maji yanachirizika, mkono haugusi kitu. Mafundi wa jua kali waliichukua akili hiyo hiyo wakaichomelea kwa vyuma: kanyagio moja la maji, jingine la sabuni, beseni katikati, tangi juu. Mtoto wa miaka 9 huko Bungoma alitengeneza ya kwake kwa mbao na misumari, na serikali ya Kenya ikampa nishani. Karakana za kando ya barabara zilizokuwa zikichomelea mageti na madirisha zilipanga mashine hizo nje kama zilivyokuwa zikipanga vitanda.

Sabuni na dawa hazikukosa walanguzi, na lazima lisemwe. Limau, tangawizi na vitunguu saumu vilipanda bei Tanzania watu walipoanza kujifukiza nyungu, na si kila aliyepandisha alikuwa amepandishiwa na mkulima. Lakini Kenya, walipotafutwa walioongeza bei ya vitakasa mikono, Mamlaka ya Ushindani iliamuru kampuni ya maduka makubwa irudishe fedha za wateja. Ulafi haukuwa tabia ya meza ndogo peke yake.

Fedha zenyewe ziliogopwa. Hofu hiyo ni ya kale: Florence, Italia, katika tauni ya miaka ya 1630, wauza mvinyo waliuza kupitia vidirisha vidogo ukutani, wakapokea sarafu kwa kijiko cha chuma na kuzitia ndani ya siki kabla ya kuzigusa. Sisi tulikuwa na simu. Katikati ya Machi 2020 Kenya iliondoa ada kwa kutuma M-Pesa isiyozidi shilingi 1,000, na kiwango cha juu cha muamala mmoja kikapandishwa kutoka shilingi 70,000 hadi 150,000. Nafuu hiyo ya mwanzo, ya shilingi 1,000, ndiyo iliyomhusu mama mboga. Sukuma wiki ya shilingi 30 sasa iliweza kulipiwa bila noti kushikwa na bila ada kuila faida. Alianza kupokea oda kwa simu, akakatakata mboga na kuzifunga, na bodaboda akazipeleka. Uganda bodaboda walikatazwa kabisa kubeba abiria, wakaruhusiwa mizigo, wakageuka miguu ya wazee na wajawazito waliofungiwa ndani. Matatu ya abiria 14 ilibeba 8, na makanga aliyezoea kuvuta watu kwa mkono akasimama mlangoni na chupa ya dawa.

Mji wa Kale wa Mombasa na Eastleigh ya Nairobi zilifungwa tarehe 6 Mei 2020, katikati ya Ramadhani. Jioni, saa ambayo vichochoro vya Mji wa Kale hunukia viazi karai, mahamri na kaimati, na meza za wauzaji hufika hadi katikati ya njia, pakawa kimya. Riziki ya mwaka mzima kwa familia nyingi imo ndani ya mwezi huo mmoja. Mwezi huo huo wa Mei, huko Kariobangi, Nairobi, nyumba za watu elfu kadhaa zilibomolewa wakati nchi ikiambiwa ikae nyumbani. Nayaweka mambo hayo mawili pamoja kwa sababu yalitokea pamoja, na kwa sababu wachuuzi walikuwa miongoni mwa waliolala mvuani.

Mpakani mwa Goma na Gisenyi ya Rwanda, ambako kabla ya korona makumi ya maelfu ya watu walivuka kwa miguu kila siku na vikapu vya nyanya, maziwa na unga, mpaka ulifungwa kwa watu na kubaki wazi kwa malori. Mwanamke mwenye kikapu kimoja hana lori. Kwa hiyo walijiunga: wanawake wengi wakaunganisha vikapu vyao vikawa shehena moja, wakakodi gari, mwenzao wa upande wa pili akapokea, akauza, akarudisha hesabu kwa simu. Watu ambao jana walikuwa washindani kwenye kizuizi kimoja walikabidhiana mali bila hati. Ni daftari lile lile la duka, safari hii limevuka mpaka.

Oktoba 2021, Dar es Salaam, meza na vibanda vya machinga viliondolewa kando ya barabara kwa amri ya kuupanga mji. Barabara zilikuwa zimezibwa, hilo kila mtembea kwa miguu analijua. Miongoni mwa vibanda vilivyoangushwa kulikuwa na vilivyouza barakoa na ndoo za koki mwaka mmoja tu kabla yake.

Mtaani kwetu muuza duka tunayemwita Mangi bado ana duka lake, lenye nondo dirishani na kamba nyembamba aliyoifunga mbele yake wakati ule ili watu wasisogee sana. Siku moja nilimwomba nilione daftari la 2020. Alilitoa chini ya mizani, jalada limeloa mafuta ya kupima. Majina mengi yamepigwa mstari. Machache hayajapigwa, na kando ya mawili kati ya hayo ameandika kwa kalamu ya risasi tarehe za mazishi. Nilimuuliza kama anawadai wenye nyumba. Alisema watoto wao bado wanakuja kununua mkate, akalifunga daftari, akamgeukia dada aliyekuwa akingoja nyuma yangu na chupa tupu ya mafuta.